Mwalimu Akihamia Jangwani: Ni Nini Kinachomfanya Akae?

Mmetuuliza swali moja tu, tena bila kuzunguka: kwa nini walimu mnaoletewa hawakai? Anakuja Januari, ikifika Agosti hayupo. Shule ina watoto, ina vyumba, bendera inapepea, lakini mwalimu amepata uhamisho. Sisi tumeona afadhali tusijibu kwa maneno makubwa. Tutawaeleza siku yetu ilivyo, na mtaona wenyewe ni wapi mwalimu anapochokea.

Sisi ni walimu wanne wa shule moja ya msingi kando ya jangwa la Chalbi, Kaunti ya Marsabit. Mmoja alizaliwa Kakamega, mmoja Meru, mmoja Machakos, na wa nne ni Mgabra wa huku huku, ambaye ndiye mkalimani wetu na ndiye hutuambia lini tunyamaze. Wale watatu walikuja na barua ya kazi, sanduku na godoro. Siku hizi kufika Marsabit si shida kama zamani, kwa maana barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilishwa katika miaka ya 2010. Ukishaiacha lami ndipo safari inapoanza. Unapanda lori, unakaa juu ya magunia pamoja na mbuzi na wenye mbuzi, na vumbi linakupaka hadi mama yako mzazi asikutambue.

Wengi waliokuja kutoka mbali hudhani jangwa ni mchanga tu. Chalbi ni sakafu. Zamani sana palikuwa na ziwa, likakauka, likaacha udongo mgumu uliofunikwa na chumvi nyeupe, kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Mvua ya mwaka wa kawaida haizidi milimita 200. Lakini ikinyesha kwa nguvu, sakafu yote hugeuka tope, na lori haliwezi kupita. Huwa tunawaambia walimu wageni: jangwani utafungiwa na maji kabla ya kufungiwa na jua. Unga ukiisha wakati huo, umeisha.

Haya, siku yenyewe. Tunaamka saa kumi na moja. Upepo unakuwa umevuma usiku kucha, unabisha mabati na kuingiza vumbi ndani ya kila kitu, hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ni upepo huo huo unaoizungusha ile mitambo 365 ya umeme iliyojengwa upande wa Loiyangalani, kwa hiyo mjue si upepo wa kupoza chai. Jambo la kwanza ni kukung'uta viatu, maana nge anapenda kiatu cha mwalimu kuliko mahali pengine popote. Kisha tunapima maji. Ndiyo, tunayapima. Mtungi mmoja wa lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku: kunywa, kupika, kunawa uso. Kufua kuna siku yake.

Tunajitahidi masomo mazito yaishe kabla ya saa sita. Hesabu asubuhi, Kiingereza asubuhi. Saa nane mchana upepo umelegea, wakati ule ule tungeutamani, na chini ya mabati chumba kinakuwa kama tanuri. Mtoto anakutazama lakini hakuoni. Wakati huo tunatoka naye chini ya mgunga, tunasoma hadithi, au tunaimba. Mkaguzi akipita atauliza kwa nini ratiba haifanani na ya Meru. Jua la hapa pia halifanani na la Meru.

Watoto wa darasa la chini hawajui Kiswahili wanapoanza, na sisi watatu hatukujua lugha yao. Basi tukawa wanafunzi wa wanafunzi. Tokko, lama, sadii: moja, mbili, tatu. Bisaan ni maji, gaala ni ngamia. Wanacheka sana tunapotamka. Tumewaacha wacheke, maana mtoto aliyemcheka mwalimu wake asubuhi hamwogopi mchana. Vitabu vinasema shamba la mahindi lina mistari minane. Sisi tunasema fora ina ngamia 48, kumi na mmoja wana ndama, je, wangapi hawana? Hapo hata yule anayesinzia huinua kichwa. Ukikosea idadi ya ngamia hapa, watoto wenyewe watakusahihisha kabla ya chaki kugusa ubao.

Chakula cha mchana ni githeri, kikija. Mpango wa chakula shuleni ulianza nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, na mwaka 2018 serikali ikauchukua wote mikononi mwake. Tunasema wazi: huku sufuria ndiyo inayopiga kengele. Mtakumbuka ukame wa tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya maana. Ngamia walikufa, hata ngamia. Familia zilihama na wanyama waliobaki, watoto wengine wakaondoka nao, wengine wakaachwa kwa nyanya zao. Mahindi yakifika shuleni, darasa linajaa. Yakichelewa wiki mbili, tunaita majina na upepo unajibu. Mwalimu anaweza kuvumilia joto. Kuita majina ya watoto thelathini wakaitika tisa, siku baada ya siku, hilo linamvunja moyo, na hakuna marupurupu ya mazingira magumu yanayolipia.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hawapendi tulitaje, lakini mmetuita tuseme. Ni hofu. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, watu 28 walitolewa kwenye basi wakauawa, na walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo walikuwa miongoni mwao. Mwaka 2015 ulipoanza, walimu wengi hawakurudi kaskazini mashariki, na shule nyingi zikabaki mikononi mwa vijana waliomaliza Kidato cha Nne. Mandera ni mbali na Chalbi, lakini mama aliye Kakamega hana ramani. Kwake kaskazini ni kaskazini. Kila likizo anauliza, "Mwanangu, bado unarudi huko?" Sisi tunarudi kwa sababu tunajua ni nani aliye jirani yetu, na ni mzee gani atakayetutafuta tusipoonekana njiani hadi jioni. Mwalimu mgeni ambaye hajui jina la mtu hata mmoja kijijini, huyo hana la kumjibu mama yake.

Hapa ndipo tunataka vikundi vitusikilize. Mambo makubwa kama barabara, mishahara na idadi ya walimu, hayo ni ya serikali na ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, na tuendelee kuyadai. Tangu 2023 madarasa ya Sekondari Msingi yamewekwa katika shule zetu hizi hizi, kwa hiyo walimu wanaohitajika wameongezeka, na watakuja wageni zaidi. Lakini akina sisi tulioona wenzetu wakifunga sanduku, tumesikia wanachosema usiku wa mwisho. Si mshahara. Wanasema, "Nimechoka kutafuta maji." Wanasema, "Nyumba ile inanipika." Na wengine hawasemi kitu, lakini tunajua ni miezi mingapi walikula jioni peke yao.

Tuanze na nyumba, maana hiyo akina mama wamekwisha kutufundisha. Nyumba ya mwalimu ya mabati na saruji inaonekana ya maendeleo kwenye picha. Mchana haikaliki. Mama wa Kigabra hujenga nyumba yake mwenyewe kwa fito zilizopindwa na mikeka, upepo unapita, jua halipiti, na siku ya kuhama inapakiwa juu ya ngamia. Mwaka mmoja kikundi cha akina mama kilitujengea moja kando ya nyumba yetu ya mabati. Hawakutuuliza. Walikuja asubuhi wakiimba, jioni ilikuwa imesimama. Tunasahihisha madaftari humo, tunapumzika humo, na mwalimu wa Machakos amehamisha kitanda chake kabisa. Yale mabati sasa ni stoo ya vitabu na ya kukinga mvua, ambayo ndiyo kazi yake hasa.

Na hiyo mvua ndiyo habari yetu ya pili. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya magadi, na mgeni tumbo linamsumbua wiki za kwanza. Tena kisima kina zamu: ngamia wana siku yao na mbuzi siku yao, na mwalimu hana kundi la kumpa zamu. Katika shule nyingi hilo hutatuliwa kwa kuwatuma wanafunzi, tena wasichana, wakachote maji ya mwalimu wakati wa masomo. Sisi tulikataa jambo hilo tangu mwanzo. Msichana aliyetoka nyumbani alikochota maji alfajiri, akaja shuleni kuchota tena, huyo hatujui amekuja kusoma nini.

Sasa tazameni paa la shule. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba cha darasa cha mita 8 kwa 7 kina paa la mita za mraba 56, na vyumba vitatu vilivyoshikana ni 168. Tuchukue mwaka wa mvua kidogo, milimita 150. Tukiacha sehemu ya tano ipotee kwa kumwagika na kukauka, tunapata lita 20,160. Walimu watatu wasio na mifugo, kila mmoja mtungi wake wa lita 20, wanatumia lita 60 kwa siku. Gawanyeni: siku 336. Karibu mwaka mzima wa maji matamu, na yote hayo sasa hivi yanaanguka kwenye mchanga mbele ya macho yetu. Katika ukame mkali hesabu hii haisimami, tusidanganyane. Na kwa kuwa mvua huja mara mbili kwa mwaka, tangi halihitaji kubeba zote mara moja. La lita 10,000 linatosha kuanzia.

Yanayotakiwa ni gata pande zote mbili za paa, tangi, mfuniko usiopitisha mbu, na mfereji wenye kufuli. Maji ya dakika za kwanza za mvua yamwagwe, kwa sababu yanabeba vumbi la chumvi na kinyesi cha ndege. Ufunguo usikae kwa mwalimu mkuu. Ukae kwa mweka hazina wa kikundi, na kijitabu cha kuandika mitungi iliyotoka. Tunasema hivi si kwa kumshuku mtu. Mwaka wa kiu hata ndugu hugombana kwa mtungi, na kijitabu hakina ndugu.

Jambo la tatu halina saruji. Huku huwezi kuuliza bei ya mbuzi kabla ya kuuliza amani. Nagaya? Watu wana amani, watoto wana amani, ngamia wana amani? Mgeni asiyejua hudhani anacheleweshwa. Mpeni mtu wa kumfundisha. Kijana mmoja wa kikundi amtembelee mwalimu mgeni jioni, mwezi wake wa kwanza, amwonyeshe njia ya kisimani na nyumba ya chifu, amfundishe maneno kumi kila juma. Sisi kuna mama mmoja ambaye kila siku ya Ijumaa hutuletea maziwa ya ngamia katika kibuyu chake cha kusukwa kilichofukizwa moshi. Mwanzoni ule moshi unashangaza ulimi. Baadaye ukienda likizo chai ya nyumbani unaiona haina kitu. Naye akiwa na barua ya mtoto wake aliye Nairobi, sisi tunamsomea. Hatujawahi kuandika hesabu ya nani anamdai nani.

Chakula tunajitafutia. Kabichi inayofika na lori huwa imechoka kuliko abiria. Mwalimu wa Kakamega huletewa majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini, yanakaa miezi, yanachemshwa na maziwa. Akina mama walioonja wameanza kuuliza kama kunde inaweza kuota kando ya kisima. Hatujajaribu. Mbuzi ni wengi na ua hakuna.

Mmetuuliza pia kama sisi wenyewe tutakaa. Wa huku huku hana pa kwenda. Wa Meru ana watoto wanaoingia sekondari mwakani, na ameomba uhamisho, ameturuhusu tuseme. Wawili waliobaki hawajaomba. Atakayekuja badala yake atateremka kwenye lori hilo hilo, na mvua za masika, zikija, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Paa tumekwisha kulipima, na vipimo viko hapa mezani kwa kikundi chochote kinachotaka kunakili. Gata za upande mmoja tumepata kwa mchango wa wazazi. Za upande wa pili bado, na tangi bado. Kama kuna kikundi chenye fundi anayejua kujenga tangi la waya na saruji, tungeomba asimame sasa tumwone, kabla chai haijaletwa.