Mwalimu Mwanafunzi na Watoto wa Likizo

Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya Dundori

Tunajua mmeacha kazi shambani, kwa hiyo hatutawaweka sana.

Tumeombwa tuzungumze juu ya yule binti wetu anayesomea ualimu, ambaye kwa likizo tatu amekaa na watoto wetu katika ukumbi wa kanisa bila kulipwa. Jina lake mnalijua. Hapa hatutaliandika, maana mwenyewe ameomba hivyo. Sisi wafanyakazi wa jamii tulikuwa naye siku nyingi, tukaiona kazi yake, tukamwuliza maswali. Sasa anapelekwa mbali kufanya mazoezi ya kufundisha, na likizo ijayo hatakuwepo. Ndiyo sababu tumewaita. Kabla hatujatoka hapa leo inafaa tujue: watoto watabaki na nani?

Shida ilikuwa gani

Ninyi mnaijua Agosti ya Dundori. Shule zimefungwa, baridi bado ipo, na viazi viko tayari. Lori likifika, mwenye lori hangoji mtu. Mama anatoka alfajiri, baba anatoka, na watoto wakubwa wanafuata na madebe na magunia. Nyumbani anabaki mtoto wa miaka saba akimlea wa miaka mitatu, na jiko lina makaa, na tangi la maji halina kifuniko. Hakuna mama hapa anayefanya hivyo kwa kupenda. Akina mama wenyewe ndio waliotuambia kwamba mkono unachimba huku moyo uko nyumbani.

Shida hii si ya jana. Nasari nyingi za kwanza za watoto Waafrika hapa Kenya zilianza hivyo hivyo: katika mashamba makubwa ya kahawa na majani chai, na katika vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, mahali ambapo mama alilazimishwa kwenda kazini na mtoto hana wa kumtunza. Baada ya Uhuru mwaka 1963, wazazi walijenga nasari kwa harambee, wakatafuta msichana wa kijijini awe mwalimu, wakamlipa kwa kile walichokuwa nacho. Mpango wa kuwafundisha walimu wa namna hiyo ulianza 1971 katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Leo, kwa Katiba ya 2010, madarasa ya PP1 na PP2 yako chini ya serikali ya kaunti. Tunashukuru. Lakini shule zikifungwa, likizo inabaki mikononi mwetu.

Alivyoanza

Binti huyu hakuanza kwa kupiga kengele. Kwanza alipita nyumba kwa nyumba pamoja na mama mmoja wa kikundi, akimwuliza kila mzazi mambo matatu: mtoto ana umri gani, anabaki na nani, na ninyi mtarudi saa ngapi. Akaandika katika daftari. Kisha tukaenda naye kwa naibu wa chifu na kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, ili wajue kuna nini pale ukumbini.

Tukakubaliana masharti manne. Wakati wote wawepo watu wazima wawili. Mlango uwe wazi. Mtoto asichukuliwe na mtu yeyote isipokuwa yule aliyeandikwa katika daftari. Na kusiwe na ada. Wengine waliona masharti haya ni mengi kwa kazi ya kujitolea. Lakini mtu anaweza kuja na tabasamu na peremende, kumbe nia yake ni mbaya. Sharti halimtukani mtu mwema. Linamlinda yeye pamoja na mtoto.

Hilo la ada lina sababu nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Sisi hatukufungua shule ya pili. Watoto walikuja kulindwa, kucheza na kusikia hadithi, na aliyetaka kusoma alisaidiwa.

Siku ya kwanza, alituambia, alikaribia kulia. Chuoni alikuwa amezoea kufundisha wanafunzi wenzake waliojifanya watoto. "Wale hujibu kila swali," alisema. "Hawa walinitazama tu." Halafu mzee mmoja akamletea fimbo: "Mwalimu, huyu wangu akicheza, mchape." Yeye akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, naye aliijua vizuri, lakini hakumhutubia mzee mbele ya watu. Fimbo akaitumia kuandika herufi kwenye udongo nje ya ukumbi, na yule mtoto akawa wa kwanza kuomba aishike. Mzee aliporudi jioni alikuta mwanawe anaandika jina lake chini. Hakuuliza tena habari ya kuchapa.

Tuliyoyaona

La kwanza ni kusoma. Mtoto mmoja wa gredi ya nne alisoma ukurasa mzima vizuri sana. Mwalimu akaufunika kwa mkono, na mtoto akaendelea kusoma. Kumbe ameukariri. Kuanzia hapo mwalimu alimpima kila mtoto polepole: herufi, kisha neno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Njia hii si yake. Ni ile iliyotumiwa na Uwezo, ambao tangu 2009 walituma watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto wa Kenya, na pia wa Tanzania na Uganda. Ripoti yao ya Kenya ya 2011 ilionyesha kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Baadaye, mwaka 2015, ulikuja mpango wa Tusome ulioleta vitabu katika madarasa ya chini. Hata hivyo mzazi asifikiri kwamba mtoto akipanda darasa basi anajua. Jioni mwite, mpe kitabu, mwonyeshe neno la katikati ya ukurasa. Hata wewe usiyesoma unaweza: tazama kama kidole chake kinafuata maneno, au kinatangatanga huku mdomo unakimbia.

La pili ni hesabu. Tulikuwa na msichana aliyeshindwa kabisa na kutoa ubaoni. Lakini kwenye mizani ya viazi ndiye aliyemsahihisha dalali aliyetaka kumpunja mama yake. Basi mwalimu akaleta viazi na madebe darasani. Akauliza: mlikuwa na madebe manane, mmeuza matano, yamebaki mangapi? Msichana akajibu kabla swali halijaisha. Baada ya hapo mwalimu akamwandikia hesabu ile ile kwa tarakimu, naye akaona kwamba kile kitu kigumu cha ubaoni ni kile anachokifanya kila Agosti.

La tatu ni njaa. Kufikia saa nne watoto kadhaa walikuwa wanasinzia. Wengine wetu tulisema ni uvivu, ni baridi. Mwalimu aliwauliza walikula nini asubuhi, na wengi walikuwa wamekunywa chai ya rangi, basi. Akina mama wa kikundi kimoja wakaanza kuleta unga wa uji, mwingine akatoa maziwa, mwingine kuni. Tangu uji uanze kusinzia kukaisha. Mnasikia? Watu wana viazi, kabichi na maziwa ya kuuza, na mtoto wao analala darasani kwa njaa. Hilo kila mtu alijibu nyumbani kwake.

La nne linatugusa zaidi. Kulikuwa na mtoto aliyejulikana kote kama mkaidi. Akiitwa hageuki. Akitumwa anarudi na kitu kingine. Alikuwa amechapwa kwa hayo mara nyingi. Mwalimu akacheza naye mchezo: akasimama nyuma yake na kupiga makofi, kwanza upande huu, halafu upande ule. Upande mmoja mtoto hakugeuka kabisa. Tukazungumza na mama yake, tukaenda naye zahanati, na ikaonekana sikio lilikuwa limetoka usaha muda mrefu. Akatibiwa, kisha tukaelekezwa kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto wenye ulemavu na shida za kujifunza. Vituo hivyo vilianza Kenya mwaka 1984, lakini wazazi wengi hapa hawajawahi kuvisikia. Siku hizi mtoto huyo anakaa mbele, upande wa sikio zima. Ndugu zetu, kabla hujamwita mtoto mkaidi au mjinga, jua kwanza kama anasikia, kama anaona, na kama amekula.

La tano ni wazee. Wale wadogo wanaojua Kikuyu tu walikuwa kimya hata baada ya wiki moja. Mwalimu akamwalika shosho mmoja aje kutega vitendawili. Siku hiyo ukumbi ulijaa kelele, na hata mpishi wa uji akaacha sufuria akaja kujibu. Tangu hapo shosho alikuwa na siku yake, Jumatano, na watoto walimngoja njiani.

Yaliyomchosha

Tusiseme mazuri peke yake. Kulikuwa na maneno. Wengine walisema ati analipwa na wazungu. Wengine walisema anatafuta kura. Wengine waliona hapa ni mahali pa kutupa mtoto: mzazi alileta wa mwaka mmoja na nusu bila nguo ya kubadilisha, akarudi saa moja usiku, hata pole hakusema. Chaki na karatasi alinunua kwa nauli yake ya kurudi chuoni. Yeye hakutuambia, tulijua alipokuja kuomba mtu wa kumsindikiza kwa miguu.

Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mtu alichovya kidogo katika moyo wa binti huyu: mmoja alichelewa kidogo, mwingine alisahau unga kidogo, mwingine alikosa zamu yake mara moja tu. Sasa hivi mafunzo ya ualimu wa shule za msingi ni diploma ya miaka mitatu, iliyoanza 2021 badala ya ile cheti ya P1. Karo ni ya wazazi wake, na likizo ni wakati wa kuwasaidia. Mtu anayejitolea anatupa siku zake, na siku hizo hazirudi. Anastahili angalau nauli, chakula cha mchana na neno la asante.

Tunapendekeza nini

Mkono mmoja haulei mwana. Kila kikundi kitoe akina mama wawili, au baba pia, kwa zamu ya siku moja kwa wiki. Vikundi vitano ni siku tano. Kila mwanachama alete kikombe cha unga wakati wa mkutano, uwekwe pamoja. Katika pesa za meri-go-raundi, kila mzunguko kitengwe kidogo kwa ajili ya chaki, sabuni na nauli ya kijana atakayeongoza. Wapo vijana wengine hapa wanaosomea ualimu, na wapo waliomaliza kidato cha nne wanaokaa tu. Binti yetu amekubali kukaa nao siku mbili kabla hajaenda, awaonyeshe daftari na masharti. Na wakati wa shule, kikundi kiende kwa pamoja katika ofisi ya wadi kuuliza habari ya madarasa ya PP1 na PP2, maana hayo ni haki ya mtoto, hatuombi hisani.

Mwisho, mkiona mtoto anateswa au anadhulumiwa, msikae kimya kwa kuogopa jirani. Mwambieni chifu au afisa wa watoto, au pigeni simu 116, ambayo hailipiwi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Likizo iliyopita, watoto wetu walibaki na nani tulipokuwa shambani? Kila mmoja aseme ukweli.
2. Ni mtoto gani kijijini tunamwita mkaidi au mjinga? Nani ataenda kuzungumza na wazazi wake?
3. Kikundi chetu kitachukua siku gani ya zamu, na ni wanachama gani wawili wataanza?
4. Tutamshukuru vipi mwalimu wetu kabla hajaenda?

Andikeni majibu, na zaidi ya yote majina ya zamu. Katibu ayalete mkutano ujao.