Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wasikilizaji wapendwa, Injili ya Marko, sura ya 9, yatusimulia habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Tangu utotoni ugonjwa ulimwangusha kijana huyo, mara motoni, mara majini, akitokwa na povu. Yesu alipokwisha kumponya, kijana alilala kama maiti, na wengi walidhani amekufa. Ndipo Yesu akamshika mkono, akamwinua, naye akasimama. Leo tuutazame mkono huo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Tanganyika daktari kijana kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, aliyetaka kujifunza magonjwa ya nchi za joto. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa wenye makovu ya moto. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Mtoto akiangukia mafigani, waliokuwapo waliogopa kumgusa. Alitengwa, akala katika chombo chake, akalala peke yake.

Tusiseme huo ulikuwa ujinga wa Waafrika. Warumi wa kale nao walitema mate wamwonapo mwenye kifafa, ili ugonjwa usiwapate. Hofu haina kabila.

Mgeni yule hakuanza kwa kuwacheka wenyeji. Aliwasikiliza wagonjwa, wazee na waganga, akaandika jinsi walivyoueleza ugonjwa huo. Aliandika pia habari za watoto waliosinzia kichwa ghafula, hali ambayo miaka mingi baadaye wataalamu waliichunguza Uganda na Sudani Kusini. Leo wataalamu wanakihusisha kifafa kingi cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa kandokando ya mito. Mwaka 1960 kliniki ya kifafa ilianzishwa Mahenge. Wagonjwa walipewa dawa, wakaguswa bila woga, na wengi walirudi shambani na jikoni kama watu wengine.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayeponya ni yule anayekubali kwanza kufundishwa. Vijana mnaokuja Dodoma kusoma, nanyi mtakaokwenda ng'ambo, shikeni jambo hilo. Usidharau desturi usiyoijua. Wala usiikumbatie yote kwa kuwa ni ngeni na yapendeza macho.

Nasi wenyeji tupambanue. Mizizi na majani ni viumbe vya Mungu, na mzee anayejua kutibu kwa miti shamba amepewa kipaji. Bali ramli inayomtaja jirani kuwa mchawi haiponyi mtu. Yaongeza mgonjwa wa pili, naye ni yule jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, yakataza kuziita nguvu za uovu kwa kisingizio cha tiba za jadi.

Ndugu zangu wa Msalato na wa vijiji vyote vya Ugogo, je, katika nyumba zetu hayumo mtoto anayefichwa mgeni abishapo hodi? Hayumo msichana aliyeachishwa shule kwa sababu alianguka darasani? Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Mtu akianguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, kaa naye hadi azinduke. Kisha mpelekeni zahanati au Mirembe bila kuona haya. Dawa aliyoandikiwa aitumie kila siku, hata ajionapo mzima, asiiache bila shauri la daktari.

Makatekista, mnaotembelea nyumba nyingi kuliko sisi mapadre, ulizeni habari za mtoto huyo. Mkaribisheni kwenye mafundisho pamoja na wenzake, mkampe mkono mbele ya watu wote. Wakiona ninyi hamwogopi, nao watathubutu.

Ee Bwana, uliyemshika mkono kijana aliyelala mavumbini, tuondolee hofu, utupe mikono kama yako. Amina.