Kitufe Kiko kwa Nani? Masomo ya Sauti Kutoka Ngara

Leo tuko Nairobi, mtaani Ngara. Ukitoka mzunguko wa Globe ukaishika Barabara ya Murang'a, unazipita nguo za soko la Fig Tree na makanga wanaogombea abiria, kisha unakunja kuingia Barabara ya Desai. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD. Sisi wa zamani bado tunaiita KIE, yaani Taasisi ya Elimu ya Kenya, ingawa sheria ya mwaka 2013 iliipa jina jipya. Wengi wanaijua kwa vitabu vilivyopita mikononi mwake. Mimi nataka tuijue kwa masikio, maana ndiyo iliyoandaa vipindi vya redio vilivyofundisha watoto wa nchi hii. Walimu wanaoniuliza podikasti itawafaa nini darasani, jibu lao liko humo.

Asili yenyewe inapendeza. Mwaka 1957 kilianzishwa Kituo Maalum hapa Nairobi, kazi yake ikiwa kutafuta njia bora ya kuwafundisha Kiingereza watoto wa Kiasia walioanza shule bila kukijua. Ngara ya wakati huo ilikuwa makao ya Wahindi na Wagoa, na shule yake moja kubwa ilibeba jina la Duke wa Gloucester. Leo ni Jamhuri High. Kituo hicho ni mmoja wa mababu wa KIE. Kwa hiyo swali la mtoto kusikia lugha kabla ya kuisoma lina umri mrefu kuliko uhuru wetu.

Vikaja vipindi vya shule kupitia redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Mliokuwa darasani enzi hizo mnakumbuka: mwalimu ameletewa mwongozo na ratiba, redio iko mezani, betri zimeanikwa juani zipate nguvu kidogo, na darasa zima kimya. Sauti ilikuwa safi, mwandishi wa somo alikuwa bingwa. Lakini redio haimsubiri mtu. Mwalimu mkuu akirefusha hotuba ya gwaride, somo limeshapita. Darasa la nne likishindwa kulielewa neno moja, sauti imesonga mbele na wao wamebaki nalo.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu Kenya ilifanya jambo ambalo wengi hawalijui. Kati ya 1980 na 1985, KIE pamoja na wataalamu waliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani, USAID, walijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu, kwenye shule za mashambani. Somo lilikuwa la nusu saa, kila siku ya shule. Wazo walilitoa Nicaragua, ambako tangu 1974 Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kikisaidia kufundisha hisabati kwa redio.

Ubunifu wenyewe ulikuwa katika kimya. Mtangazaji aliuliza swali, kisha akanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, kwa sauti, na redio ikawaambia jibu sahihi kana kwamba imewasikia. Sekunde zile za kimya zilipimwa studio: zikizidi, watoto wanachoka; zikipungua, mtoto mzito wa kusema anaachwa. Masomo yakajaribiwa madarasani na kurekebishwa. Watoto waliofuata vipindi hivyo waliwashinda wenzao, hasa katika kusikiliza. Baadaye masomo hayo yalisafiri hadi Lesotho, na mbinu yake ikazaa vipindi vingine. Zanzibar tangu 2006 walikuwa na Tucheze Tujifunze, kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa na shule ya awali karibu nao.

Hata hivyo, kimya kile kilikuwa kimoja kwa shule zote. Aliyekipima alikuwa Nairobi, na aliyejibu alikuwa mashambani.

Sasa njoo 2004. Mwezi wa Februari mwandishi wa gazeti la The Guardian la Uingereza, Ben Hammersley, alikuwa akitafuta jina la desturi mpya: watu kurekodi vipindi vyao na kuviweka kwenye intaneti, msikilizaji avichukue. Moja ya majina aliyoyapendekeza lilikuwa podikasti, nalo likashika. Agosti ya mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kikawagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya 1,600 vifaa vya iPod, waone vitasaidia nini masomoni. Sisi hatukuhitaji kugawiwa chochote, simu ilitufikia kwa njia yake.

Tofauti ya podikasti na redio ni ndogo ukiitaja, kubwa ukiitumia. Kitufe cha kusimamisha kimehamia kwa mwalimu. Anasikilizisha dakika mbili, anasimamisha, anauliza, anarudisha nyuma. Kimya anakipima yeye, kwa kuwatazama watoto wake. Na si ghali kama watu wanavyodhani. Somo la nusu saa likirekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha sauti ya mazungumzo halifiki megabaiti 15. Mwalimu analipakua mara moja, analitumia muhula mzima bila bando, kwa simu yake na spika ndogo.

Machi 2020 Corona ilipofunga shule, KICD ilirudi kwenye redio: masomo yakapita Radio Taifa na idhaa ya Kiingereza ya Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, huku mengine yakiwekwa mtandaoni. Ndipo tukaona redio na mtandao vinahitajiana. Palipokosa mtandao, redio ilifika. Na mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi saa ya somo, nakala ya mtandaoni ndiyo ingemfaa, kama nyumbani kungekuwa na simu ya kuifungulia.

Mimi lakini navutiwa zaidi na upande wa pili wa maikrofoni. Mtaala wa sasa wa Kiswahili una mada nzima ya Kusikiliza na Kuzungumza, na shule nyingi huifundisha kwa kusoma kitabu. Chukua darasa la Ngara, watume wanafunzi wakamhoji fundi cherehani au mzee aliyeishi Park Road tangu zamani. Waandike maswali kwanza. Warekodi kwa simu ya mwalimu, chumbani kwenye mapazia au nguo zilizotundikwa, maana ukuta mtupu huleta mwangwi. Kisha wakate mahojiano ya dakika ishirini yabaki tano. Hapo kwenye kukata ndipo penye somo: watabishana nini kina uzito, watagundua swali lililoulizwa vibaya, na watajisikia wenyewe wakisema "eee" mara kumi. Wazazi waombwe ruhusa, majina kamili ya watoto yasitajwe, na mzee asikilizishwe kazi kabla haijatoka. Akitaka sentensi yake iondolewe, iondolewe.