Kupona kwa Askari Hakupimwi kwa Hesabu ya Vifo



Nimeombwa nizungumze juu ya askari walioambukizwa ugonjwa wa korona, na hali zao baada ya kuugua. Nataka kupinga tangu mwanzo kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba ugonjwa ule haukuwa kitu kwa vijana wenye nguvu, maadam waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache. Uchache huo ni kweli. Makosa ni kuufanya kuwa ndiyo kipimo cha afya ya jeshi.

Mwezi Machi 2020 manowari ya Marekani iitwayo Theodore Roosevelt, ambayo hubeba ndege za kivita, ilitia nanga Da Nang, nchini Vietnam. Majuma mawili hivi baada ya kung'oa nanga, mabaharia watatu walionekana kuwa na virusi, na meli ikaelekea kisiwa cha Guam. Ilikuwa na watu 4,779, wanaolala katika vitanda vilivyopandana, wanaokula pamoja na kupishana bega kwa bega katika vijia vyembamba. Tarehe 30 Machi nahodha wao, Brett Crozier, aliandika barua akiwasihi wakubwa wake wawashushe mabaharia nchi kavu, kwani hapakuwa na vita, wala hapakuwa na sababu ya baharia yeyote kufa. Barua ikafika magazetini, na tarehe 2 Aprili akavuliwa uongozi wa meli. Aliyemvua, Kaimu Waziri wa Jeshi la Majini Thomas Modly, naye akajiuzulu siku tano baadaye. Juu ya ugomvi huo wa wakubwa yameandikwa mengi kupita kiasi. Juu ya mabaharia, machache.

Waliothibitishwa kuwa na virusi walikuwa 1,271, yaani zaidi ya robo ya watu wote melini. Zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Waliolazwa hospitali walikuwa 23, na mmoja alifariki. Mtu akiishia hapo atafunga daftari na kwenda zake. Lakini kijana aliyetoka hospitali, au ambaye hakufika hospitali kabisa, anarudi katika kazi ya namna gani, na kwa pumzi ipi?

Jibu moja lilipatikana Uswisi, kwa sababu ambayo yafaa tuizingatie. Katika kambi ya Airolo, kusini ya nchi hiyo, makuruta walikuwa wamekwisha pimwa nguvu zao za kukimbia kabla ugonjwa haujaingia kambini. Ulipopita, madaktari waliwapima tena makuruta 199. Wale walioambukizwa pasipo kuugua hawakupungukiwa. Bali miongoni mwa waliougua na kuhesabiwa kuwa wamepona, karibu mmoja katika kila watano uwezo wake wa kuvuta hewa kazini ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hawa walikuwa vijana waliokwisha kuambiwa warudi gwarideni.

Kambi hiyo hiyo ilitoa funzo jingine. Katika kombania mbili zilizopatwa kabla ya hatua kuchukuliwa, askari 354, asilimia 30 waliugua. Kombania ya tatu, askari 154, ilikuwa imeanza mapema kutenganisha vitanda kwa mita mbili na kuvaa barakoa. Virusi viliingia humo pia, lakini hakuna hata mmoja aliyeugua. Nafasi ya kitanda, ambayo kambini aghalabu huachiwa mtunza stoo, ilikuwa dawa.

Huko Marekani, makuruta wa jeshi la Wanamaji waliojiunga mwaka 2020 walifuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Miongoni mwa walioambukizwa, karibu robo walikuwa na dalili zilizodumu majuma manne au zaidi: kupotewa na ladha au harufu, kukosa pumzi, kikohozi. Katika mbio za maili tatu, kundi hilo lilikuwa nyuma ya makuruta wa kabla ya janga kwa sekunde 25 hivi. Raia atazicheka sekunde hizo. Mkufunzi hazicheki; huziandika, na jina la kijana likashuka katika orodha.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Askari amefundishwa kutolalamika. Anayesema kifua kinambana huitwa mvivu, kwa hiyo hunyamaza, hukimbia na wenzake, na jioni hurudi kwa mkewe katika nyumba za kambini akiwa hoi. Mke ndiye wa kwanza kujua, wala hakuna anayemwuliza.

Naomba basi wakuu wa kambi wafanye mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila kuruta apimwe mbio na pumzi siku anapoingia, na karatasi ihifadhiwe na mganga. Aliyeugua arudishwe mazoezini hatua kwa hatua, kwa kauli ya mganga, pasipo kuhesabiwa kosa. Kambi isiyopima kabla haina cha kulinganisha baadaye, na kijana atakayesema pumzi yake imepungua atakuwa na neno lake tu mbele ya neno la mkufunzi.