Tone la Oili Chini ya Guta

Maneno haya aliyasema fundi mkongwe wa vyombo vya moto, mkazi wa Same, katika mkutano wa wakazi wa kata. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa pikipiki. Pikipiki ya mnyororo mnaijua vizuri: mnyororo ukilegea hupiga kelele, na mwenye chombo husikia hata kama hapendi. Leo nitasema juu ya chombo ambacho ugonjwa wake hauna kelele, yaani guta la mizigo la magurudumu matatu. Nguvu ya injini yake hupita katika shafti iliyolala chini ya bodi, ikaingia katika difu, na difu ndiyo inayozungusha magurudumu mawili ya nyuma. Ufundi huu si mgeni duniani. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki yake ya kwanza, R32, mwaka 1923, iliipa shafti badala ya mnyororo. Tangu hapo shafti imesifiwa kwa kuwa haihitaji kukazwa wala kupakwa oili kila wiki. Naamini sifa hiyo ndiyo iliyotulemaza, kwa maana kitu kisichodai chochote kila wiki husahauliwa mwaka mzima.

Msimu mmoja wa tangawizi kijana aliniletea guta lililokuwa limeteremka kutoka Mamba Miamba na shehena ya magunia. Alisema kwamba kwenye kona za mteremko alikuwa akikanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama kawaida, lakini chombo hakikushika, tena kilivutwa upande wa kulia. Alilisimamisha kwa kuliegemeza kwenye ukingo wa mlima. Upande wa pili wa barabara ile mnaujua. Nilipofungua ngoma ya gurudumu la kushoto, nilikuta breki shuu zimelowa oili nzito ya difu. Breki yenyewe haikuwa na kosa lolote. Sili ya ekseli, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke, ilikuwa imechoka mdomo. Nikamuuliza kama hakuona dalili. Akajibu kwamba aliona, na kwa wiki kadhaa alikuwa akitandika boksi chini ya guta usiku ili oili isichafue uwanja wa nyumba.

Kwa hiyo ukiona tone, usitandike boksi. Pangusa kasha la difu mpaka likauke, tembea safari fupi, kisha chuchumaa utazame unyevu unaanzia wapi. Angalia mahali shafti inapoingia katika difu, angalia bolti ya kumwagia oili na maungio ya kasha, kisha ndani ya magurudumu yote mawili. Oili husafirishwa na upepo na vumbi, hivyo pale inapodondokea sipo lazima inapotokea. Inuse pia. Oili ya difu ni nzito na ina harufu ya kiberiti, ilhali maji ya breki ni mepesi. Ikiwa unyevu uko ndani ya gurudumu, guta hilo lisipakie mzigo wala lisiteremke mlima hadi litengenezwe.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulipita. Juu ya kasha la difu kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Difu likifanya kazi hupata joto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Kitundu kikiwa wazi, hewa hutoka kwa amani. Kikizibwa na vumbi la tambarare au tope la milimani, hewa husukuma oili ipite kwenye mdomo wa sili. Mwenye guta hununua sili mpya, na baada ya siku chache inavuja tena, naye hulalamika kwamba ameuziwa bandia. Bandia zipo, sikatai. Lakini zibua kitundu kwanza, maana kuzibua hakuna gharama.

Kosa jingine ni kujaza kupita kiasi. Guta lisimame mahali tambarare (najua kwamba huku milimani mahali hapo ni uwanja wa shule au wa kanisa tu), fungua bolti ya kujazia, na uongeze oili mpaka ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Ikianza kutoka, acha ichuruzike hadi itulie, kisha funga. Tumia oili ya gia aliyoitaja mtengenezaji katika kitabu cha chombo. Msitie oili ya injini iliyokwisha kutumika. Nimeshaona meno ya difu yaliyoliwa kwa uchumi wa namna hiyo. Oili iliyotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma vyenye ncha, difu lifunguliwe.

Juu ya kufunga sili nitasema machache, kwa kuwa ni kazi ya fundi. Kabla ya kununua, tikisa shafti kwa mkono: ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna sili inayoweza kuzuia oili kwenye kitu kinachotikisika. Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapogusa chuma. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya iketi mbele kidogo au nyuma kidogo ya mfereji huo. Upande wenye springi uelekee kwenye oili. Breki shuu zilizolowa zibadilishwe. Kuziosha kwa petroli na kuzichoma moto ni kujidanganya, kwani oili imeshazama ndani.

Oili mnayomwaga isipelekwe kwenye mfereji. Maji ya mifereji yetu huishia kwenye ndiva, na kutoka ndiva huingia mashambani kwa jirani aliye chini. Itieni katika dumu lenye kifuniko, mlipeleke kwenye gereji inayokusanya.

Nimemwona kijana amelegesha guta lake pale chini ya mkwaju, tupu, halina mzigo. Naomba watu wawili waje na jeki na mawe ya kuzuia gurudumu la mbele. Tutaanza na kitundu cha kupumulia, na kila mwenye guta akitafute kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaondoka hapa.