Karatasi ya Ajenti na Kitabu cha Wahamaji

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi, Nuu, kabla ya futari)



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini kabla ya adhana ya magharibi na amenionya nisiwachoshe watu wenye njaa. Nitajaribu. Shida ni kwamba kitabu ninachotaka kuwaeleza chenyewe ni cha watu wenye njaa, na hawakuwa na adhana ya kuwaambia sasa kuleni.

Kitabu kinaitwa The Grapes of Wrath, yaani Zabibu za Ghadhabu. Mwandishi ni John Steinbeck, Mmarekani, na kilitoka mwaka 1939. Nilikipata kwa mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Nilikichukua ili nipitishe likizo tu. Sikujua kitanikosesha usingizi.

Hadithi ni hii. Kuna ukoo wa Joad, wakulima wa jimbo la Oklahoma. Ukame umewapiga miaka kadhaa, vumbi limefunika mahindi, na shamba si lao tena, ni la benki. Trekta moja linakuja kulima mahali palipokuwa na familia nyingi. Basi wanauza punda, majembe, hata vitu vya kumbukumbu, kwa bei ya kutupa. Wananunua gari bovu, wanalikata nyuma liwe lori, wanapanda babu na bibi na watoto na mjamzito, wanashika barabara kuu namba 66 kwenda California. Babu anafariki usiku wa kwanza tu wa safari. Wanamzika kando ya njia, maana pesa za mazishi ni zile zile za petroli.

Nikiwa katikati ya kitabu niliwadharau, nasema kweli. Nilimwambia mama, jamani hawa watu ni wajinga, kwani wasingebaki kwao wavumilie? Mama alikuwa anachagua pojo. Hakuniangalia. Akaniuliza, "Wabaki na nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu mimi ni mtoto wa Nuu na jibu nalijua. Si lazima uende Oklahoma kuona shamba lililokataa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na sisi tulikuwemo. Wewe mwenyewe unakumbuka tulivyokuwa tukishuka mtoni na punda kabla ya alfajiri, tunachimba mchanga hadi mtu anazama mabega, tunangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Wanaume wakaenda kuchoma makaa. Vijana wakaenda Mlolongo na Nairobi kwenye mjengo, wengine Mombasa. Watu wetu wameanza zamani kuhama. Wakamba walikuwa Rabai na Mariakani tangu siku za misafara ya pembe, na ukienda Shimba Hills utasikia Kikamba kama uko sokoni hapa.

Ukame wetu una majina, tena majina yenyewe ni historia. Susu wangu alikuwa msichana mdogo mwaka 1961, ile yua ya Ndeke, ndege zilipokuwa zikiangusha chakula. Ananiambia kilichowashangaza watoto ni kwamba baada ya kukauka vile, ilikuja mvua ya kuvunja madaraja, na njaa ikaendelea ndani ya maji. Na ile ya mwaka 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika. Umeshika nini? Umeshika pesa! Mtu alikuwa na noti mkononi na dukani hakuna unga.

Hebu sasa turudi kwenye kitabu, maana kuna jambo lililonifanya nitamani kusimama mbele yenu leo. Watu wa Oklahoma hawakuamka tu wakasema twende California. Walipewa karatasi. Matangazo yalichapishwa yakagawanywa: wanatakiwa wachumaji matunda, mshahara mzuri, kazi msimu mzima. Baba wa familia ameikunja yake, ameiweka mfukoni kama mtu anavyoweka hati ya shamba. Njiani wanakutana na mtu aliyechakaa, anarudi kutoka kule, watoto wake wamekufa kwa njaa. Yeye ndiye anawafumbulia hesabu. Tajiri anataka watu 800. Anachapisha karatasi 5,000. Pengine watu 20,000 wanaziona. Wanaofunga safari ni elfu mbili au tatu. Sasa wakifika watu elfu mbili wenye njaa kwenye kazi ya watu mia nane, tajiri hahitaji kumlazimisha mtu yeyote. Anauliza tu, nani atafanya kwa senti chache zaidi? Na mwenye mtoto anayelia ataitikia.

Nimeisoma sehemu ile mara nne. Wale wanaosoma uchumi chuoni hufundishwa jambo hili kwa michoro, na hapa limeelezwa na mtu mwenye koti lililoraruka. Baadaye kitabu kinakuonyesha kwa macho: familia ya Joad inachuma pichi kwa senti tano kwa sanduku, kwa sababu nje ya lango kuna wagomaji waliokataa senti mbili na nusu. Wagomaji wakishafukuzwa, bei inashuka ile ile. Na chakula unanunua duka la shamba hilo hilo, bei iko juu kuliko mjini. Mama Joad anaingia na mkopo wa dola moja, jasho la familia nzima, anatoka na nyama kidogo, mkate, viazi na kahawa. Sukari imemshinda. Yule karani wa duka, ambaye mwanzoni alikuwa akimfanyia kejeli, anatoa senti kumi zake mwenyewe akazitia kwenye kasha ili mama apate sukari. Karani naye ni mwajiriwa, anaogopa kazi yake. Steinbeck hasemi mengi hapo, na mimi pia naacha, lakini kama umewahi kuandikwa kwenye daftari la mwenye duka unajua moyo wa mtu huonekana wapi.

Sasa niseme la nyumbani. Kwenye ukuta mmoja pale sokoni kuna karatasi imebandikwa, mmeiona. Wasichana wa kazi za nyumbani, Ghuba, tiketi bure, mshahara mzuri, nafasi ni chache. Ajenti alinipa fomu. Pasipoti ninayo tayari.

Dada yangu yuko huko, nchi moja ya Ghuba. Amebakisha miezi minane kwenye mkataba wa miaka miwili. Aliahidiwa mshahara fulani, akakuta mwingine. Miezi miwili ya kwanza hakuona kitu, akaambiwa ni gharama zake za kuletwa, zile zile zilizoandikwa bure. Simu alikuwa anapewa siku ya Ijumaa. Nyumba anayofanya kazi ni nyumba ya Waislamu, wanafunga kama tunavyofunga. Ramadhan iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti saa tisa za usiku, ananong'ona. Wageni wa futari walikuwa hawajaondoka vizuri, na tayari alikuwa anapika daku. Alisema, "Mdogo wangu, mimi sijui kama nimefunga au nimesahau kula." Halafu akacheka. Mimi sikucheka.

Sikusimama hapa kuwasema Waarabu, na wako wasichana wa kata hii waliokaa na watu wema wakarudi na pesa za kujenga. Hao nao muwasikilize. Ila sote tumefundishwa tangu madrasa kwamba kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, na hapo hapakutajwa uraia wa kibarua.

Jambo ambalo halijaandikwa kwenye karatasi ya ukutani ni huo utaratibu unaoitwa kafala. Maana yake ukaaji wako katika nchi ile umefungwa kwa mwajiri mmoja, yeye ndiye mdhamini wako. Ukimkimbia, hata kama amekukosea, wewe ndiye unaonekana umevunja sheria. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilifuta leseni za mamia ya mawakala kwa sababu ya malalamiko, na mwaka 2017 milango ikafunguliwa tena. Saudi Arabia ililegeza kanuni hizo Machi 2021, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadili mwajiri, lakini mageuzi yale hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Angalia vizuri: aliyefungiwa ndani ya nyumba ndiye aliyeachwa nje ya sheria! Basi kama unaenda, uliza kwanza kama ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na nakala ya mkataba uiache kwa mama yako kabla hujapanda gari la Mwingi. Dada yangu yake ilibaki kwa ajenti.

Nina ugomvi kidogo na mwandishi pia. Wasomi wanasema eneo la Sallisaw, alikowaweka kina Joad, halikuwa hasa ndani ya lile eneo la vumbi kubwa, vumbi lilikuwa magharibi zaidi. Hilo namsamehe. Nisilomsamehe haraka ni kwamba kabla ya watu wa Oklahoma, mashamba yale ya California yalikuwa yakichumwa na Wameksiko na Wafilipino, na miaka ile ile Wameksiko wengi walikuwa wakisukumwa kurudishwa kwao. Katika hadithi wanapita kama kivuli. Na kuna mwanamke, Sanora Babb, aliyefanya kazi kwenye kambi za wahamaji hao na kuandika aliyoyaona. Maandishi yake ya kambini yalimfikia Steinbeck. Yeye mwenyewe alikuwa na riwaya yake, mchapishaji akaiahirisha kwa sababu kitabu cha Steinbeck kilikuwa kimeshatoka na kuuzwa sana. Riwaya ya mama yule ilichapwa mwaka 2004. Miaka 65! Nimejiuliza ni sauti ngapi za akina dada zetu zimekaa kwenye simu hivyo hivyo.

Wenye mashamba nao hawakupenda. Agosti 1939 wakuu wa wilaya ya Kern, kule kule California, walikipiga marufuku kwenye maktaba na shule zao, na nakala ikachomwa moto mbele ya watu. Wazee wetu wa upande wa Machakos wangewaelewa watu wale. Mwaka 1938, mwaka Steinbeck alipokuwa anaandika, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Yeye alihamishiwa kizuizini Lamu, lakini uporaji ule wa ng'ombe ulisimama. Hilo mnalijua, mtaa uko Nairobi wenye jina lake. Nalitaja kwa sababu wale wa Oklahoma hawakupata wa kuwakusanya mapema, walianza kukusanyika wakiwa wameshafika ugenini.

Mwisho wa kitabu umewakera wasomaji wengi, na mimi nilikifunga kwa aibu. Mvua imekuja baada ya ukame, mafuriko yamewatoa kwenye makazi yao. Binti wa familia, Rose of Sharon, amejifungua mtoto aliyekufa. Wanakimbilia ghala, wanamkuta mtu mzima anakufa kwa njaa, hajala siku sita, chakula chote alimpa mwanawe. Yule binti hana kitu cha kutoa isipokuwa maziwa ya mtoto wake aliyekufa. Anampa.

Nilimsimulia Susu kwa Kikamba, nikitegemea atasema astaghfirullah na kunifukuza. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama yule mtu aliishi. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akaniuliza tena, "Na msichana je, nani alimpa yeye chakula?" Nilirudi kutafuta kwenye kitabu. Hakuna.

Ada ya muhula wangu wa kwanza ililipwa na dada yangu. Pesa ile ile ya usiku ule wa daku. Kwa hiyo mtu akiniambia usiende, nitamuuliza swali la mama, nibaki na nini. Na mtu akiniambia nenda, nitamsikilizisha ule ujumbe wa sauti. Ajenti anataka jibu baada ya Idd. Nimemwandikia dada, nimemwambia aniambie ukweli na si maneno ya kunitia moyo. Nangoja Ijumaa.

Naona mwadhini anaangalia saa yake, na harufu ya muthokoi imenifikia hadi hapa. Kitabu ninacho kwenye mkoba. Nakala ni moja, haina jalada, Kiingereza chake kina lahaja ngumu lakini utazoea. Anayekitaka aje kwetu baada ya tarawehe, na akirudishe. Fomu ya ajenti imo ndani, nimeitumia kama alama ya ukurasa. Msiitoe.