Sadaka Yako na Shamba la Michikichi



Tukiona mtu anaomba mpaka asubuhi tunasema amekua kiroho. Ni vizuri. Lakini sisi wa Minago, na hii pwani yote kushuka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, tuko na mtihani wetu: shamba. Mwaka 1972 wengi walikimbia, wakavuka Tanzania na Kongo. Michikichi ikabaki. Wengine wakapewa, wakailima, wakazaa watoto humo. Baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000 wenyewe wakarudi kwa wingi. Leo hao wawili wanakaa benchi moja kanisani, mmoja na kumbukumbu ya baba yake, mwingine na karatasi. (Na karatasi nayo, tunajua, haisemi yote.)

Sasa wewe ndugu, wewe dada, soma Mathayo 5:23-24 polepole. Ukikumbuka mwenzako ana neno juu yako, sadaka ingoje, wewe uende. Usisubiri mahakama. Chukua mzee mmoja mnayemwamini wote, mkae chini ya hiyo michikichi, mzungumze. Wako waliokubali kugawana shamba moja, wakaweka mpaka. Kugawana kunauma, nasema kweli, hasa ukihesabu watoto ulio nao. Mwombe Mungu nguvu ya hilo, kabla hujaomba baraka nyingine.

Na ninyi wa Kigoma na Uvira, ndugu akiwapigia simu habari za shamba, msimchochee. Ombeni naye, kisha mmuulize: umeshaenda kwa mwenzako?